Jinsi ya kutumia antibodi ya kinesini (KIF5B) kwenye maabara za Dodoma bila kudanganywa na bendi

Wakuu habari za kazi. Hii naandika kwa wanaofanya masta na PhD za bayokemia, bailojia na udaktari hapa Dodoma, pamoja na mafundi wa maabara ambao mwisho wa siku ndo wanabebeshwa kazi za wanafunzi. Kinachonisumbua ni hiki: mtu anaagiza antibodi (protini inayonata kwenye protini unayoitafuta) ya protini ya mota kwa hela nyingi, inafika, anafuata karatasi ya muuzaji neno kwa neno, anafanya Western bloti, yaani kutenganisha protini kwa uzito kwenye jeli, kuzihamishia kwenye karatasi ya membreni na kuipaka antibodi, anapata bendi (mstari mahali protini ilipo) moja nyeusi safi, anaiweka kwenye tasnifu na hamna mtu anayemuuliza hiyo bendi ni protini gani. Msimamo wangu ni kwamba lebo ya kwenye kichupa ni madai ya muuzaji, uthibitisho unaufanya wewe mwenyewe, kwa sampo zako, kwenye maabara yako, kabla hujaanza kutafuta majibu ya utafiti. Kila hatua hapa chini nimeiandika kwa kufikiria hilo.

Kwa wageni wa mada kwanza. Ndani ya seli kuna nyuzi ndefu zinaitwa maikrotubyuli, na juu yake zinatembea protini za mota, zinazokula ATP (nishati ya seli) huku zimebeba mizigo, mitokondria, vifuko vya kemikali za neva, hadi RNA. Kinesini nyingi zinaelekea ncha ya jumlisha ya uzi, yaani kwenda pembezoni mwa seli, dainini inarudi ncha ya kutoa karibu na kiini, na mayosini zenyewe zinatembea kwenye nyuzi za aktini. Kinesini ilitambuliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, wakitumia neva nene za ngisi na ubongo wa ng'ombe, na baadaye ikaja kujulikana kwamba hatua yake moja ni nanomita 8 na kila hatua inatumia molekuli 1 ya ATP. Sio mambo ya kujifurahisha tu haya, jini ya KIF5A ikiharibika inaleta ugonjwa wa kurithi wa miguu kukakamaa unaoitwa SPG10, na mwaka 2018 ikaonekana inahusika pia na ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli.

Binadamu ana jini 45 za familia ya kinesini. Arobaini na tano! Kwa hiyo ukisema "nina antibodi ya kinesini" bado hujasema kitu, sema ni kinesini ipi.

Kuchagua kabla ya kulipa

Mimi hapa nitaishika KIF5B, mnyororo mzito wa kinesini-1, mana ndo inayopatikana karibu kwenye tishu zote, ini, figo, seli za binadamu za kukuzwa maabara kama HeLa na HEK, popote. Ndugu zake KIF5A na KIF5C wapo zaidi kwenye neva. Zote tatu uzito wake unakaribiana sana, kama kDa (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini) 110 mpaka 120, yaani kwenye jeli ya kawaida huwezi kuzitenganisha kwa macho, na hapo ndo wengi wanapigwa. Ukiweka sampo ya ubongo afu antibodi yako inashika ndugu wote watatu, utaona bendi moja na utaandika KIF5B wakati umepima mchanganyiko.

Sasa utajuaje? Kwenye karatasi ya bidhaa tafuta sehemu inayosema mnyama alichomwa kipande gani cha protini ili atengeneze hiyo antibodi. KIF5B ina asidi amino 963, na kichwa chake, ile sehemu inayokula ATP na kushika maikrotubyuli, ni kama 340 za mwanzo. Kichwa hicho kinafanana mno kwa kinesini nyingi, kwa sababu kazi yake ni ileile, wakati mkia ndo unaotofautiana. Kwa hiyo antibodi iliyotengenezwa kwa kichwa itashika ukoo mzima au nusu yake, na ya mkiani ina nafasi nzuri zaidi ya kushika mmoja tu. Chukua mfuatano wa hicho kipande, ingia UniProt, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya protini, bure kabisa, ulinganishe na KIF5A na KIF5C, na kama sampo zako ni za mbuzi au ng'ombe linganisha na za mnyama huyo pia mana wauzaji wengi wamejaribu binadamu, panya mdogo na panya mkubwa tu. Kama muuzaji hataki kusema alitumia kipande gani mimi nakushauri uende kwa mwingine.

Afu kuna aina. Polikloni inatoka kwenye damu ya mnyama, mara nyingi sungura, na sungura yule akifa basi, loti (toleo la uzalishaji) inayofuata ni ya sungura mwingine na inaweza kufanya kazi tofauti kabisa. Monokloni inatoka kwenye ukoo mmoja wa seli, mbinu ya Georges Köhler na César Milstein ya mwaka 1975. Rikombinanti ndo inatengenezwa kutoka kwenye mfuatano wa DNA unaojulikana, loti ya leo na ya miaka mitano ijayo inatakiwa iwe kitu kilekile. Kwa mtu wa masta ambaye kazi yake itachukua miaka miwili, rikombinanti ni bora hata kama ni ghali kidogo, usiingie kwenye utafiti ambao katikati yake kipimo kinabadilika.

Bei ya kichupa cha mikrolita 100 mara nyingi inavuka dola 300, ila wapo wanaouza saizi ndogo ya majaribio ya mikrolita 10 au 20, ulizia. Kama mko watatu wanne mnaohitaji, agizeni mzigo mmoja mgawane gharama za usafiri.

Kuipokea mpaka iingie friza

Mzigo unatua Dar, Uwanja wa Julius Nyerere, na hapo ndo kazi. Vibali na makaratasi yaanze kabla mzigo haujapaa, na mwambie muuzaji autume uingie Jumatatu au Jumanne, sio Ijumaa, na sio wiki ya Sabasaba, Nane Nane au Idd, mana ukikwama ghalani siku nne hakuna wa kukubadilishia barafu. Aliyepo Dar aende nao kwenye kuliboksi yenye aisipaki, na siku hizi tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 unaweza kuutoa uwanjani asubuhi na jioni uko maabara.

Ukikuta barafu imeyeyuka usikimbilie kuitupa. Antibodi nyingi zinavumilia siku kadhaa za joto la kawaida, na wauzaji wengine wanazisafirisha bila barafu kabisa. Piga picha, andika tarehe na hali uliyoikuta, weka friji, afu ijaribu kwa kontroli (sampo ambayo jibu lake unalijua) kabla hujalalamika.

Kabla ya kufungua zungusha kichupa kwenye sentrifyuji ndogo sekunde chache, mana tone la thamani linakuwa limeng'ang'ania kwenye kifuniko. Kisha soma imehifadhiwa kwenye nini. Kama ina gliserini asilimia 50 haigandi kwenye nyuzi -20, iache humo kwenye kichupa chake uwe unachota. Kama haina gliserini igawe kwenye vichupa vidogo vya mikrolita 10 hivi, usiende chini sana ya hapo mana protini nyingine inabaki imenata kwenye plastiki, kila kimoja kitumike bila kurudishwa kugandishwa. Kuganda na kuyeyuka mara kwa mara ndo kunaua antibodi. Friza zile zinazojiyeyushia barafu zenyewe hazifai kwa sababu hiyohiyo, joto lake linapanda na kushuka kila siku.

Na umeme. Jaza nafasi zote tupu za friza na chupa za maji ya chumvi yaliyoganda, umeme ukikatika friza iliyojaa inakaa na baridi muda mrefu kuliko iliyo tupu, na weka karatasi mlangoni USIFUNGUE. Antibodi ziwe katikati, sio kwenye rafu ya mlango.

Halafu angalia kama ina sodiamu azaidi. Inawekwa kuzuia bakteria, ni sumu, usiimwage kwenye sinki lenye mabomba ya chuma, na inaua kimeng'enya cha HRP, kile kinachofanya bendi itoe mwanga. Antibodi ya kwanza (inayoshika kinesini) ikiwa nayo hamna shida kwa sababu utaosha, ila kamwe usiiweke kwenye bafa ya antibodi ya pili (inayoshika ile ya kwanza) iliyofungwa na HRP, utakaa unatafuta kosa wiki nzima.

Sampo, hapa ndo utajiri wetu

Watu wanalalamika hatuna kontroli chanya. Tunayo. Ubongo una kinesini nyingi mno, kuanzia mwanzo kabisa mota hizi zilikuwa zinasafishwa kutoka kwenye ubongo wa ng'ombe wa machinjioni, na Dodoma kama kuna kitu hakikosekani ni mbuzi na ng'ombe. Ongea vizuri na msimamizi pamoja na mkaguzi wa nyama, pale Kizota au machinjio yoyote iliyo karibu nawe, waeleze unataka nini na kwa nini, nenda asubuhi wanapochinja, beba barafu na PBS (bafa ya chumvi) ya baridi. Ubongo uingie kwenye baridi ndani ya dakika chache baada ya kuchinja, mana vimeng'enya vinavyokata protini vinaanza kazi papo hapo, na kinesini iliyokatwakatwa itakuletea bendi za chini chini ambazo utazitafsiri vibaya. Chukua na kipande cha ini au figo kutoka kwa mnyama yuleyule. Ukiweka ubongo na ini kwenye jeli moja unapata jibu ambalo karatasi ya muuzaji haikupi: antibodi inayoshika KIF5A au KIF5C peke yake itawaka ubongoni na kwenye ini itakuwa kimya au hafifu sana, ya KIF5B kweli itaonekana kote kuwili.

Kusaga seli au tishu tumia RIPA ya baridi, yaani NaCl milimola 150, Tris milimola 50 ya pH 8, NP-40 asilimia 1, diyoksikoleti asilimia 0.5 na SDS asilimia 0.1, na kizuia protiasi (vile vimeng'enya vinavyokata protini) unaongeza siku hiyohiyo unayotumia, sio mwezi uliopita. Kila kitu kwenye barafu. Zungusha g 14,000 dakika 15 kwenye nyuzi 4, chukua maji ya juu. Pima protini kwa BCA, usitumie Bradford kwa RIPA mana sabuni zinaivuruga. Gawa, gandisha -80 kama ipo.

Maji ya kutengenezea bafa yasiwe ya bomba kabisa. Maji ya hapa kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Makutupora, yana chumvi na madini ya kutosha, ukitaka kuona angalia ule ukoko mweupe ndani ya birika la umeme nyumbani. Tumia yaliyochujwa madini au kuchemshwa na kukusanywa mvuke, na mita ya maji hayo uiangalie, sio kuamini kwamba mashine ipo basi inafanya kazi.

Jeli na kuhamisha

Kwa kDa 110 jeli ya asilimia 7.5 au 8 inatosha. Weka mikrogramu 20 mpaka 30 kwa kila kisima, na ngazi ya uzito (protini ambazo uzito wake unajulikana) yenye alama juu ya 100, sio ile inayoishia 75. Ukiwa unatafuta dainini mambo yanabadilika, mnyororo wake mzito ni kama kDa 530, jeli hiyo haitaupitisha vizuri, ndo mana watu wengi wanatafuta mnyororo wake wa kati wa kDa 74, ambao unatembea kwenye jeli ya kawaida.

Kuchemsha sampo nyuzi 95 dakika 5. Tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo hata anayetumia sufuria ya maji badala ya hitibloku yuko salama.

Akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya neva, glavu muda wote. Oktoba na Novemba joto likiwa kali jeli inaganda haraka kuliko unavyotegemea, andaa kila kitu kwanza ndo uweke TEMED, kemikali inayoigandisha. Endesha volti 100 mpaka 120, zungushia aisipaki kama bafa inapata joto, jeli ikipata joto bendi zinakunja tabasamu.

Kuhamishia kwenye membreni ndo sehemu ambayo protini kubwa inapotea. Tumia membreni ya PVDF, iloweshe kwenye methanoli kwanza, bafa ya kuhamishia punguza methanoli kutoka asilimia 20 kuja 10 mana methanoli nyingi inaibana jeli na protini kubwa inagoma kutoka. Volti 100 dakika 90 tanki likiwa kwenye barafu. Vitabu vitakwambia unaweza kuacha usiku kucha volti 30, ila kwa umeme ambao hauna uhakika mimi napendelea mchana nikiwepo, ukikatika saa nane usiku hutajua protini ilifika wapi. Ukitoa membreni ipake rangi ya Ponceau S, uone mistari myekundu imefika sawasawa kila njia hasa juu ya 100, piga picha, ndo uendelee. Usiruke hatua hii hata kama una haraka, ni dakika tano tu na ndo inakwambia kama tatizo ni antibodi au uhamishaji.

Sasa kata membreni kwenye alama ya kDa 70. Nusu ya juu inaenda kwa kinesini, ya chini kwa GAPDH, protini ya kawaida ya seli yenye kDa 37, hivo unapata kontroli ya ujazo (kuona kama kila kisima kilipata protini sawa) kwenye membreni ileile bila kuhangaika kuvua antibodi na kupaka upya. Ila kata hivo ukishaifahamu antibodi yako, mara ya kwanza iache nzima, unataka kuona kila kitu inachoshika kuanzia juu mpaka chini.

Kupaka antibodi

Ziba nafasi tupu kwa maziwa ya unga asilimia 5 kwenye TBST (bafa ya kuoshea), saa moja. Maziwa yawe yasiyo na mafuta, yale ya unga ya madukani mengi ni ya mafuta kamili na yanaacha membreni na ukungu, soma kopo. Ukikosa tumia BSA (albumini ya damu ya ng'ombe). Na funga madirisha, vumbi la Dodoma la kiangazi likitua kwenye membreni unapata madoadoa meusi kila mahali.

Mchanganyo (antibodi unaizimua mara ngapi) usiuchukue wa muuzaji kama amri. Pakia laiseti (maji ya seli au tishu zilizosagwa) ileile kwenye njia kadhaa, ukishahamisha kata membreni vipande virefu, kimoja weka 1 kwa 500, kingine 1 kwa 1,000, kingine 1 kwa 2,000, kingine 1 kwa 5,000, usiku kucha kwenye nyuzi 4 huku vinatikiswa. Chagua ule ambao bendi yako ipo wazi na takataka ni chache, sio ule wenye bendi nyeusi kuliko zote. Mara nyingi utakuta unatumia antibodi kidogo kuliko ilivyoandikwa, na hela imeokoka. Kuokoa zaidi, kunja membreni iingie kwenye tyubu ya mililita 50, uso wenye protini ukiangalia ndani, mililita 3 tu zinatosha kama una rola.

Kuhusu hili neno "joto la chumba" kwenye maelekezo. Walioandika wanamaanisha nyuzi 20 mpaka 25. Chumba chako mwezi wa kumi na moja bila kiyoyozi kinaweza kugonga 30, hapo antibodi inashika haraka, takataka nazo zinashika haraka, na maziwa yanaanza kuchacha. Fanya kwenye chumba chenye kiyoyozi au peleka friji uongeze muda, na andika joto halisi kwenye daftari.

Osha TBST mara tatu dakika 10 10. Antibodi ya pili ifuate mnyama wa ya kwanza: ya kwanza ya sungura, ya pili dhidi ya sungura, nimeshaona watu wanakosea hapa na wanalaumu protini. HRP 1 kwa 5,000 mpaka 10,000, saa moja, osha tena, weka ECL (maji ambayo HRP inayageuza kuwa mwanga), piga picha kwa muda tofauti tofauti kuanzia sekunde chache. Ukiona bendi katikati ni nyeupe na pembeni nyeusi, antibodi ni nyingi mno, HRP imemaliza ECL yote pale, punguza.

Je ni yenyewe?

Hapa ndo naomba utulie, mana hapa ndo kazi inasimama au inaanguka. Bendi kwenye kDa 110 haimaanishi KIF5B. Seli ina protini nyingi zenye uzito huo. Mwaka 2016 kundi la wataalamu wa kimataifa lilitoa njia tano za kuthibitisha antibodi, na kwa mazingira yetu mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza na yenye nguvu ni ya jini. Punguza KIF5B kwenye seli kwa siRNA (vipande vidogo vya RNA vinavyonyamazisha jini), tumia mbili tofauti zinazolenga sehemu tofauti, subiri saa 72 mana protini iliyopo inachukua muda kuisha, afu weka sampo iliyopunguzwa na isiyopunguzwa bega kwa bega. Bendi ya kweli itafifia. Isipofifia wakati RNA imeshuka, hiyo sio KIF5B hata iwe nzuri vipi. Kama maabara yako haina chumba cha kukuza seli kuna laiseti za seli zilizofutwa jini zinauzwa pamoja na za kawaida, ni ghali ila mnaweza kuchangia maabara tatu, mikrogramu 20 kwa kila jeli zinaenda mbali.

Kuna ushahidi wa nyongeza ambao naupenda. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba seli za panya zisizo na KIF5B, mitokondria zake zinajikusanya kuzunguka kiini badala ya kusambaa. Kwa hiyo ukiipunguza KIF5B paka mitokondria rangi uangalie. Bendi ikififia na mitokondria zikirudi ndani, mambo mawili yasiyotegemeana yanasema kitu kimoja.

Njia nyingine, tafuta antibodi ya pili inayoshika sehemu nyingine ya KIF5B uone kama zinakubaliana tishu kwa tishu. Au weka KIF5B yenye lebo (kipande cha ziada cha kuitambulisha) ndani ya seli, bendi itapanda juu kidogo kwa uzito wa hiyo lebo. Kilichobaki, kufananisha na vipimo visivyotumia antibodi na kuvuta protini kwa antibodi uipeleke kwenye masi spektrometa, mashine inayoitambua protini kwa uzito wa vipande vyake, ni vizuri ukipata mshirika mwenye mashine.

Kuna hii ya kuzuia kwa peptaidi, unachanganya antibodi na kipande kilichoitengeneza, bendi inapotea, watu wanafurahi. Inathibitisha tu kwamba antibodi inashika kipande chake, hata zile bendi za uongo zinapotea vilevile. Usiitegemee peke yake.

Usisahau pia njia moja yenye antibodi ya pili tu bila ya kwanza. Bendi ikitokea hapo haina uhusiano na kinesini hata kidogo.

Ukitaka kuiona ndani ya seli

Antibodi nzuri kwenye bloti inaweza kuwa mbovu kwenye hadubini, mana kwenye bloti protini imekunjuliwa na SDS na kwenye seli imekunjwa. Thibitisha upya. Jaribu fikseshi (kuzituliza seli kwa kemikali zisibadilike) ya aina mbili, paraformaldehaidi asilimia 4 dakika 15 halafu sabuni ya Triton asilimia 0.1, au methanoli ya -20 dakika 5 mpaka 10 ambayo inatunza maikrotubyuli vizuri. Paka na tubyulini (protini inayojenga maikrotubyuli) pamoja, ila antibodi zitoke wanyama tofauti, kinesini ya sungura na DM1A ya tubyulini ambayo ni ya panya, zote zikiwa za panya rangi zitachanganyika.

Na jiandae kisaikolojia, hutaona mistari mizuri ya kinesini imepangana juu ya nyuzi. Kinesini-1 nyingi ndani ya seli imejikunja, mkia umekizuia kichwa, inasubiri mzigo, kwa hiyo picha ya kweli ni ukungu uliosambaa na vinukta vinukta. Mtu akikuletea picha ya mistari safi kabisa muulize kontroli zake, inawezekana antibodi inashika kitu kingine. Tena paka seli zilizopunguzwa KIF5B kwa mipangilio ileile ya kamera, usiguse mwanga, mwanga ushuke wenyewe.

Kwa vipande vya tishu vilivyo kwenye nta kutoka patholojia, lazima uchemshe kwanza kwenye sitreti ya pH 6.0, na kwa mwinuko wetu presha kuka inakupa joto zaidi ya nyuzi 96 ambazo sufuria ya wazi haivuki.

Unaandika nini

Kwenye daftari na kwenye tasnifu: jina la muuzaji, namba ya bidhaa, namba ya loti, namba ya RRID (ya kuitambulisha antibodi kimataifa), mnyama, kipande kilichotumika, mchanganyo, muda na joto, na picha ya membreni nzima isiyokatwa pamoja na ngazi ya uzito. Loti ikibadilika rudia kipimo cha ubongo na ini na cha siRNA, weka loti ya zamani na mpya kwenye jeli moja, kwa hiyo usimalize kabisa kichupa cha zamani, bakiza mikrolita 5. Na kama antibodi imefeli, andika pia na uwaambie wenzako wa maabara ya jirani kabla hawajaagiza ileile.